Kiti kwanza: baiskeli ya milima na mwili wako kwenye mawe ya Goma

Kwa miezi minne nilidhani goti langu la kulia limezeeka kabla yangu. Kila Jumapili nilipotoka Himbi, hapa Goma mashariki mwa Kongo, kwenda Sake na kurudi, maumivu yalianza mbele ya goti, na ikifika jioni nilikuwa nashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Nilinunua dawa ya kuchua. Nilinunua pedali mpya. Nilikuwa karibu kununua baiskeli nyingine kabisa, ndipo siku moja nikaipeleka hii hii kwa fundi mmoja wa Majengo anikazie breki. Alinitazama nikifika kwa mbali, wala breki hakuzigusa. "Mtoto," akasema, "kinga haiko na shida. Weye njo unaikaliya mubaya." Akachukua ufunguo, akapandisha kiti karibu upana wa vidole vitatu. Wiki mbili baadaye goti lilinyamaza.

Kinga ndilo jina la baiskeli huku kwetu, kwa msomaji wa mbali. Na yule mzee alinifundisha bure jambo ambalo wengi wetu tunaoendesha kwa kujifurahisha hulilipia kwa pesa na kwa mwili: tunachokiita ukosefu wa mazoezi mara nyingi ni kiti kibaya, na tunachokiita baiskeli mbovu mara nyingi ni upepo uliozidi kwenye tairi. Mambo haya matatu, yaani vipimo vya baiskeli, vifaa vyake na nguvu za mwili, yamefungana kiasi kwamba kila moja linaweza kujificha nyuma ya jingine. Ndiyo maana mtu hufanya mazoezi ya miguu mwaka mzima ilhali alichohitaji ni ufunguo wa namba 5.

Nitaanzia mwili unapogusa baiskeli: matako, nyayo, viganja. Kisha baiskeli inapogusa ardhi, ambayo hapa Goma ni mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mengine yatafuata.

Urefu wa kiti unapimwa kwa njia mbili, ya kisigino na ya hesabu. Ya kisigino haihitaji chochote. Egemea ukuta ukiwa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kuinamia upande. Sasa sogeza wayo hadi ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya pedali, na utaona goti limekunjika kidogo, nyuzi kama 25 hadi 35. Hapo ndipo unapotaka.

Ya hesabu inahitaji kitabu chenye jalada gumu na futi ya fundi cherehani. Vua viatu, simama ukiupa ukuta mgongo, bana kitabu katikati ya mapaja na kukivuta juu kwa nguvu ile ile ambayo kiti kingekusukuma, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Tuseme umepata sentimita 80. Kanuni moja, iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, inasema zidisha kwa 0.883: unapata sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Kanuni nyingine ilitoka kwa watafiti wa Uingereza, Hamley na Thomas, mwaka 1967. Hao walizidisha kwa 1.09 na kupima kutoka kwenye pedali ikiwa chini kabisa: sentimita 87.2. Ukitoa mkono wa pedali wa milimita 170, unabaki na 70.2. Njia mbili tofauti, na zinaachana kwa milimita 4 tu. Napenda zinapokubaliana hivyo, maana unajua hujakosea kupima.

Lakini hesabu hizo zilizaliwa kwenye lami. Kwenye mawe utahitaji nafasi ya baiskeli kuruka chini yako, kwa hiyo wengi hushusha sentimita moja au mbili kutoka hapo, na kwenye mteremko mkali hushusha zaidi. Baiskeli za bei kubwa zina nguzo ya kiti inayozama ukibonyeza kitufe kwenye usukani. Zetu zina kile kishikizo cha kufungua kwa mkono. Simama, fungua, shusha, funga. Sekunde kumi. Sioni aibu yoyote.

Mwili wenyewe utakuambia ukikosea. Maumivu mbele ya goti: kiti kiko chini, kama changu. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga zinacheza kushoto na kulia kama mtu anayetembea na ndoo kichwani: kiti kiko juu. Pia kiti chenyewe kiwe sawa na ardhi, au pua iinamie chini kwa kiasi kisichoonekana kirahisi. Ukikiinamisha sana utateleza mbele, na viganja vitabeba mzigo wa kiuno.

Hapo tumefika kwenye mikono. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na jirani yake ni mshipa wa fahamu unaopita ukingoni mwa kiganja ukibanwa na usukani. Glavu zinasaidia, ila mara nyingi chanzo ni umbali: usukani uko mbali mno, mwili umelala mbele, viganja vimegeuzwa miguu ya meza. Baiskeli nyingi za milima zinazofika hapa zikiwa zimetumika Ulaya ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakati ambapo shingo ya usukani, kile kipande kinachouunganisha na fremu, ilikuwa na urefu wa milimita 100 au 120 na usukani wenyewe ulikuwa mwembamba, chini ya milimita 600. Za sasa zimegeuza kila kitu: shingo fupi ya milimita 35 hadi 50, usukani mpana wa 740 hadi 800. Mpana unakupa nguvu ya kushindana na jiwe linalotaka kupindua gurudumu la mbele. Ukiwa na fremu ya zamani, usikimbilie milimita 35. Shingo ya 60 au 70 na usukani wa 700 hivi hubadilisha kinga ile ile ukadhani ni nyingine. Katika matumizi yote ya pesa niliyowahi kufanya kwenye baiskeli, hayo mawili ndiyo yaliyonipa faida kubwa kwa gharama ndogo.

Na viwiko vikunjike. Ukitaka mwalimu, simama dakika tano kando ya barabara na umtazame mtu wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akishuka na magunia ya makaa. Goti moja limekaa juu ya kipande cha mpira, mguu mwingine uko tayari, mikono imeshika zile pembe pana za mti, na mwili wote unarudi nyuma kila mteremko unapoongezeka. Hana springi hata moja. Springi ni yeye. Waendesha baiskeli wa milima hulipa walimu ili wafundishwe hicho: uzito miguuni, nyonga nyuma, viwiko vilegevu, macho mbali. Sisi tunakiona kila asubuhi bure.

Sasa mawe. Mnamo tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikaja tena, ikasimama pembeni mwa mji upande wa Buhene. Mitaa mingi tunayopita imelala juu ya lava ya zamani, na jiwe lake halifanani na kokoto ya mtoni. Limejaa matundu, na kila tundu lina ukingo kama kisu. Linakata tairi ubavuni, mahali ambapo mpira ni mwembamba zaidi.

Kwa hiyo mtu wa Goma hujihami kwa kujaza upepo hadi tairi ligumu kama ubao. Naelewa woga huo, lakini tairi gumu halilali juu ya jiwe; linaruka. Linapoteza mshiko, linakupeleka pembeni, linatikisa mikono hadi ganzi (ile ile uliyodhani ni ya usukani), na ubavu wake uliokazwa hupasuka kirahisi zaidi unapokutana na ncha. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi yanakuambia kikomo, yaani usizidishe hapo. Hayakuambii kiwango cha kutumia.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 na mpira wa ndani, mimi huanzia bari 1.9 mbele na 2.2 nyuma, paundi 28 na 32, kwa wanaosoma hivyo. Nyuma zaidi kwa sababu uzito mwingi uko huko. Mwepesi apunguze, mzito aongeze, hatua moja ya bari 0.1 kwa safari. Utajua umepunguza mno ukipata pancha yenye matundu mawili madogo yaliyopangana kama alama ya meno ya nyoka: rimu imeubana mpira wa ndani juu ya jiwe. Matundu mawili, ongeza upepo. Tundu moja, laumu msumari.

Wale vijana wanaojaza upepo wa pikipiki kando ya barabara wana kompresa zenye nguvu, na wengi hujaza kwa kusikia mlio tu. Beba kipima upepo chako. Angalia pia valvu: ile nene ni sawa na ya pikipiki na gari, itajazwa popote, ile nyembamba yenye kichwa cha kufungua, iitwayo Presta, haiingii kwenye mpira wa kompresa bila kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia. Nilishawahi kusukuma baiskeli kutoka Munigi hadi nyumbani kwa kukosa kitu chenye uzito wa sarafu.

Kuna mfumo wa tairi lisilo na mpira wa ndani, ambamo dawa ya majimaji huziba matundu yenyewe. Ni mzuri, unakuruhusu kushuka chini ya bari 1.7 bila kuogopa meno ya nyoka. Lakini dawa hukauka baada ya miezi michache, na mpasuko wa ubavuni hauzibiki nayo. Kipande cha tairi kuukuu, kikubwa kama kadi ya simu, kilichowekwa ndani ya mpasuko kitakufikisha nyumbani. Noti ya faranga 500 pia, kwa dharura.

Anayetaka kununua ataniuliza: inchi 26, 27.5 au 29? Gurudumu kubwa linapanda jiwe kirahisi, hilo halina ubishi, na kwa mawe yetu 29 ndilo ningechagua kama vipuri vingekuwa sawa. Havijawa sawa. Matairi ya 26 yanapatikana hadi kwenye vibanda vidogo. La 29 lenye ubora unaweza kulisubiri litoke Kigali au Kampala. Mtu asiyependa kusubiri abaki na 26 na anunue tairi pana kuliko yote yanayoingia kwenye fremu yake.

Kuhusu springi nina ukali kidogo. Uma wa mbele wenye springi za bei rahisi ni mzito, hauna mafuta ya kuzuia kurudi kwa kishindo, na baada ya msimu mmoja wa vumbi jeusi unakwama. Uma mgumu wenye tairi pana lililojazwa vizuri unaushinda. Na baiskeli yenye springi hadi nyuma, ina beringi kwenye kila kiungo. Kila beringi ni safari ya kutafuta kipuri. Mwachie mwenye duka.

Gia zinapotosha watu kuliko kitu kingine. Baiskeli mpya inajisifu kwa gia 12 za nyuma na moja ya mbele, ile ya zamani ina tatu za mbele na nane za nyuma, na mnunuzi anadhani ya zamani haitapanda. Gawa meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Mpya: 32 kwa 51, unapata 0.63. Zamani: 22 kwa 34, unapata 0.65. Kwenye mlima ni karibu kitu kimoja. Ya zamani inakusumbua kwa vidole, maana una vishikizo viwili vya kubadilisha, na cheni yake hucheza kwenye mawe. Lakini cheni hiyo ya gia nane ni nene, ni rahisi, na fundi wa Birere anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Ukague tu ukongwe wake kwa rula: vipande 12 vya cheni, kila kimoja inchi moja, vipime milimita 304.8. Vikifika 306.5, badilisha cheni. Vikipita 308, umechelewa. Meno ya gia nayo yameshaliwa.

Breki za diski zinazidi zile za kubana rimu, hasa mvua ikichanganyika na vumbi la lava, ambalo linasaga rimu kama msasa. Ila kama ni za mafuta, ujue ni mafuta gani. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini, nyingine zinatumia yale ya breki za gari, na ukibadilisha moja kwa nyingine mipira ya ndani inaharibika. Diski za waya hazina tatizo hilo.

Kofia ngumu usinunue iliyotumika. Povu lililo ndani limetengenezwa lipondeke mara moja, na ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama mara hiyo imeshapita. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya sherehe. Miwani kwa ajili ya vumbi. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani. Mshono wa chupi ndio unaochubua. Nimeona wanaume wazima wakiteseka kwa kuona haya kuuliza hilo.

Baada ya yote hayo ndipo tunaufikia mwili, na sasa tunaweza kuuzungumzia kwa haki.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari; hewa ya Goma ina shinikizo la asilimia 85 hivi ya lile la pwani. Aliyezaliwa hapa hana habari. Mgeni aliyetoka Kinshasa jana atahema kwenye mwinuko wa kwanza, na aachwe aheme, siku kadhaa zitamzoesha. Mazoezi yetu wenyewe ni barabara ya kaskazini: ukitoka mjini kuelekea Kibati, mahali wapandaji wa Nyiragongo walipokuwa wakianzia kwa miguu, unakaribia mita 2,000. Ni mpando mrefu usio mkali, na kosa la kila anayeanza ni kuupanda wote kwa gia nzito huku akihema kama mvukuto.

Misuli ya mtu wa kujifurahisha hujengwa na safari nyepesi. Kipimo ni mdomo: ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata, lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Saa nyingi za wiki zikae hapo. Siku moja tu ndiyo ya kujisukuma, kwa mfano dakika nne nne za kupanda kwa nguvu, mara nne, na kupumzika katikati. Miguu izunguke mara 70 hadi 90 kwa dakika. Chini ya 60 mlimani unayapa magoti kazi ya mapafu. Safari ndefu iongezwe kidogo kidogo, kama sehemu ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe. Kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano, kulala kifudifudi ukijiinua kwa viwiko nusu dakika, mara tatu kwa wiki. Mgongo unaouma baada ya saa mbili ni tumbo lililochoka kuubeba, kama umeshahakikisha usukani hauko mbali.

Chakula: safari ikizidi saa moja na nusu, mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Ndizi mbili na chumvi kidogo kwenye maji zinatosha kazi inayofanywa na yale mapakiti ya rangi yanayouzwa ng'ambo. Bugali iwe ya jana usiku. Ukiila saa moja kabla ya mpando itabaki tumboni ikikusubiri.

Jambo moja la hapa kwetu halimo katika mafunzo ya wageni. Ukipumzika upande wa magharibi mwa mji, Kyeshero, Bulengo, kando ya njia ya Sake, usishuke kwenye shimo au bonde dogo kutafuta kivuli, hasa alfajiri pasipo upepo. Mazuku hukaa humo: hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi. Ukiona majani yamekauka kwenye shimo na panya au ndege amelala kando, ondoka juu. Mwenye baiskeli anahema kwa nguvu, kwa hiyo anavuta nyingi haraka. Na uliza kwanza njia ipi iko wazi siku hiyo. Barabara ya Sake niliyoitaja haiko wazi kila mwezi.

Kwenye nguzo ya kiti changu nimezungusha utepe mwekundu pale alipopaacha yule mzee. Mdogo wangu huiazima kinga kila Jumamosi, naye ni mfupi kunizidi, anashusha. Jumapili asubuhi naamka, nafungua kishikizo, navuta kiti hadi utepe uonekane wote, nafunga. Kisha nashuka kupima upepo.